Gari Jipya Lililouzwa Mara Tatu

— Nina hadithi!
— Itoe mfukoni!
— Ina miguu?
— Ina magurudumu!
— Nikiianza, mtalala?
— Tutalala ikilala!

Basi ilikuwa zamani, wanyama walipoanza kuchoka kutembea. Palikuwa na Kiboko, na palikuwa na Pimbi.

Kiboko alikuwa na bwawa, na kando ya bwawa alikuwa na yadi ya magari. Yadi yenyewe ilikuwa na gari moja. Lilikuwa kirikuu, kile kigari cha mizigo, cheupe, na viti vyake vilikuwa bado vimevikwa nailoni. Juu ya lango alikaa Kasuku, dalali wa Kiboko. Kazi yake ilikuwa kusema maneno mawili.

"Gari jipya! Gari jipya!"

Akipita Swala, "Gari jipya!" Akipita Nyati, "Gari jipya!" Ukipita upepo peke yake, "Gari jipya!"

Pimbi alikaa Jabalini, juu ya mwamba, pamoja na shangazi zake ishirini. Pimbi mnamjua. Hana mkia, hana pembe, na kimo chake ni cha sufuria. Asubuhi ana kazi moja tu, kuota jua. Jua likishampasha, kazi yake ni mapapai. Mapapai ya Jabalini yalisifiwa hata Soko la Ng'ambo, ila yalikuwa hayafiki. Pimbi na shangazi zake waliyaviringisha kuteremka mlima: viringi, viringi, viringi, pwaa! Yaliondoka kumi, yakafika matatu. Saba yalikuwa uji njiani.

Kwa hiyo wakacheza upatu. Kila mwezi kila mmoja alitoa chake, kila mwezi mmoja alipokea, na mwisho ikafika zamu ya Pimbi. Safari hii shangazi wote waliongeza cha juu, kusudi apate gari la kubebea mapapai ya wote.

Shangazi Mkubwa akamfunga fedha kibindoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Mwanangu," akasema, "hizi si zako. Ni za mwamba mzima. Ukizipoteza, usirudi hapa na maneno."

"Nimesikia, shangazi."

Pimbi akashuka. Njiani akamkuta Punda, magunia mawili mgongoni.

"Shikamoo, Mzee Punda."

"Marahaba, binti. Waenda wapi na kibindo kimevimba hivyo?"

"Kwa Kiboko, kununua gari."

Punda akasimama. Magunia yakayumba.

"Mimi nilikuwa na gari," akasema. "Jeupe."

"Likaenda wapi?"

"Mafungu ya malipo yalikuwa kumi na mawili. Nikalipa kumi na moja. La kumi na mbili nikalipeleka bwawani tangu asubuhi. Nikaita, 'Bwana Kiboko!' Akafanya chubwi! Nikaita tena. Bu-bu-bu, mapovu tu. Nikaita mpaka sauti ikakauka. Jua lilipozama akaibuka, akaniambia, 'Umechelewa.' Akalivuta gari kwa mnyororo, kra, kra, kra, mpaka yadini. Na fedha zangu zikabaki humo humo."

"Mkataba ulisemaje?"

"Nani aliusoma? Yule bwana alikuwa na haraka." Punda akaweka magunia sawa. "Baada yangu akanunua Ngiri. Mwulize naye habari za chubwi."

Pimbi akamshukuru, akaendelea na safari. Upande ule wa mto hapakuwa na yadi nyingine.

"Gari jipya! Gari jipya!"

"Karibu, mteja wangu!" Kiboko alitoka majini, akatandaza mdomo. Mdomo ule ukifunguka, mteja huona mpaka alichokula jana. "Karibu, malkia wangu!"

"Malkia wangu!" akasema Kasuku.

Pimbi akazunguka gari. Akapanda, akainua nailoni ya kiti cha dereva. Chini yake palikuwa na mpasuko, umekaa umbo la kwato. Pembeni pake palikuwa na nywele tatu ngumu za ngiri.

"Huu mpasuko, bwana?"

"Mtindo mpya."

"Mtindo mpya!"

Pimbi akafunika. Akashuka, akakaa mbele ya meza.

"Kwanza kianzio," akasema Kiboko. "Halafu ada ya faili."

"Faili liko wapi?"

"Tutalinunua kwa hiyo ada. Halafu ada ya haraka."

"Mimi sina haraka."

"Ninayo mimi. Halafu mafungu kumi na mawili, na riba kidogo."

"Kidogo ya mwezi, au kidogo ya mwaka?"

Kiboko akapiga mwayo. Mwayo wa Kiboko ni mrefu. Wateja wengi, ulipokwisha, walikuwa wamesahau walichouliza. Pimbi hakusahau. Alihesabu kwa vidole chini ya meza.

Kiboko akasukuma mkataba. Kurasa kumi na saba. "Kidole kwenye wino. Hapa, na hapa, na hapa."

"Nitausoma kwanza."

Hata Kasuku alikosa cha kurudia.

"Utau... nini?"

"Nitausoma, bwana."

"Mwanangu," akasema Kiboko, na sauti yake ikawa ya mtu anayemwonea huruma mgonjwa, "karatasi hii ni ya kutiwa sahihi. Kusoma ni mambo ya gazeti. Mimi mwenyewe sijaisoma."

"Aliiandika nani?"

"Binamu yangu wa mto wa juu. Ilimfaa yeye, inanifaa mimi. Huko mwishoni ni wino tu."

"Basi nitaazima huo wino siku tatu."

Pimbi akaupeleka mkataba Jabalini. Siku tatu akaota jua, shangazi ishirini wamejinyoosha kando yake kama nguo zilizoanikwa, na yeye anasoma. Siku ya kwanza alisoma kurasa za mbele, akacheka. Siku ya pili alisoma za katikati, akaacha kucheka. Siku ya tatu akafika ukurasa wa mwisho, akauita mwamba wote.

"Sikilizeni. 'Mpaka fungu la mwisho litiwe mkononi mwa muuzaji, gari ni la muuzaji, na kadi ya gari ina jina lake. Fungu la mwisho litalipwa bwawani kabla jua halijazama. Jua likizama, muuzaji hapokei tena malipo ya aina yoyote. Tozo na faini za gari zinamfuata mwenye jina kwenye kadi.'"

"Soma tena hapo kwenye faini," akasema Shangazi Mkubwa.

Akasoma tena.

"Yaani ukivunja daraja, analipa Kiboko?"

"Ndivyo alivyoandika binamu yake."

"Basi livunje!"

"Shangazi, tunalihitaji daraja."

Asubuhi ya nne Pimbi akarudi yadini, akatia kidole kwenye wino. Pwa, pwa, pwa! Kiboko akapokea kianzio, akapokea ada ya faili, akapokea ada ya haraka. Kadi ya gari akaiweka mahali pake, chini ya ulimi.

Mapapai yakaanza safari. Vrrrr, kuteremka mlima. Yaliondoka kumi, yakafika kumi. Kwenye daraja alisimama Korongo, karani, mguu mmoja chini na kalamu kwenye kidole cha mguu wa pili.

"Jina la kwenye kadi?"

"Kiboko."

"Kiboko," akaandika Korongo. "Kwenda, shilingi mia mbili."

Pimbi akalipa taslimu. Korongo akageuza karatasi, akaandika nyuma. Ndivyo daraja lilivyotunza hesabu: tozo zote huandikwa mbele, malipo yote huandikwa nyuma. Kwenda, mbele na nyuma. Kurudi, mbele na nyuma. Ushuru wa soko, mbele na nyuma. Asubuhi moja Pimbi alikuwa amesahau mfuko nyumbani. Aliliacha gari pale pale darajani, akapanda mlima kwa miguu, akarudi na mia mbili.

"Mwisho wa mwaka unafanyaje na karatasi yote hii?" akamwuliza Korongo.

"Namwendea mwenye gari, namsomea. Mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Nikimaliza mbele, nageuza nyuma."

"Huruki mstari?"

"Nilipokuwa kijana niliruka mmoja." Korongo akatazama maji. "Tusizungumze habari hiyo."

Mwezi wa kwanza Pimbi akapeleka fungu bwawani. Kiboko yupo, mdomo wazi. Mwezi wa pili, Kiboko yupo, mdomo wazi. Wa tatu, yupo. Wa nne, yupo. Ukafika wa kumi na moja: Kiboko yupo, mdomo wazi, na siku hiyo akauliza hata habari za shangazi.

Siku ya fungu la kumi na mbili, Pimbi alifika bwawani umande haujakauka. Alikuja na gari, na shangazi ishirini nyuma ya gari, na fungu la mwisho kibindoni. Kiboko alikuwa amesimama ufukweni. Akamwona Pimbi. Akakiona kibindo.

Chubwi!

"Bwana Kiboko!" akaita Pimbi.

Bu-bu-bu.

"Bwana Kiboko, nimeleta fungu la mwisho!"

Bu-bu-bu.

"Bwana Kiboko, shangazi zangu wote ni mashahidi!"

Bu.

Shangazi Mkubwa akashika kichwa. Mwaka mzima wa upatu, na wote umeegeshwa kando ya bwawa, chini ya jua lisilongoja mtu. Alimtazama Pimbi tu, na kutazamwa vile kuliuma kuliko kutukanwa.

Alichokipanga Pimbi kilitegemea jambo moja, nalo ni kwamba Kiboko hajawahi kungoja neno liishe. Na kama leo angengoja? Pimbi akapanda juu ya bonneti, akajilaza, akaota jua. Ndiyo kazi aliyokuwa akiijua asubuhi.

Habari zikaenea. Saa sita akaja Ngiri. Saa nane akaja Punda, akatua magunia, akakaa.

"Lia, binti," akasema Punda. "Sisi tulilia. Muda unapita upesi."

"Nitalia baadaye, mzee. Leo namngoja karani."

Jua likielekea kuzama, akaja Korongo, hatua moja, hatua ya pili, furushi la karatasi mgongoni. Akasimama kwa mguu mmoja.

"Mwenye gari yuko wapi?"

"Anaoga," akasema Pimbi. "Atatoka sasa hivi."

Jua likagusa mlima. Likaingia nusu. Likaingia lote. Na pale pale, bwaa! Kiboko akaibuka, mnyororo tayari mdomoni.

"Umechelewa!"

"Umechelewa!" akasema Kasuku.

"Nimekuja tangu asubuhi, bwana. Nimeita."

"Sikusikia. Maji yaliingia masikioni."

"Kwa hiyo hili gari ni la nani?"

"Langu!"

"Tangu leo?"

"Tangu leo? Tangu siku ya kwanza! Kila tairi langu! Kila safari, gari langu! Wewe ulikuwa unaliazima tu!"

"Naomba urudie, bwana. Shangazi zangu masikio yao mazito."

Kiboko akatema mnyororo ili asikike vizuri. Akapanda juu ya jiwe. "Gari la Kiboko! Tangu siku ya kwanza!"

"Gari la Kiboko! Tangu siku ya kwanza!" Kasuku akarudia mara saba. Lilikuwa neno refu kuliko yote aliyowahi kupewa, na alilipenda.

Korongo akakohoa.

"Basi wewe ndiye ninayekutafuta."

Akafungua furushi. Frrrrrr! Karatasi ikateremka, ikapita gari, ikapita shangazi ishirini, ikapita Punda na magunia yake, ncha yake ikalowa majini. Korongo akaishika ncha ya juu.

"Hesabu ya mwaka ya gari la Kiboko. Mstari wa kwanza. Mwezi wa kwanza, siku ya pili, daraja, kwenda, shilingi mia mbili. Mstari wa pili. Siku hiyo hiyo, soko, ushuru, shilingi mia tano. Mstari wa tatu. Siku hiyo hiyo, daraja, kurudi, shilingi mia mbili. Mstari wa nne..."

Sikio la Kiboko likacheza. "Hii nini?"

"Tozo."

"Za nani?"

"Za mwenye gari. Jina la kwenye kadi ni lako. Mstari wa nne. Mwezi wa kwanza, siku ya tatu..."

"Ngoja! Mistari iko mingapi?"

"Elfu moja na themanini."

Kiboko akaifuata karatasi kwa macho mpaka majini. "Na faini? Mna faini humo?"

"Faini husomwa mwishoni. Sijafika mwishoni. Mstari wa nne..."

"Huyu alikuwa anaendeshaje?" Kiboko akamwuliza Ngiri.

"Nimesikia kwamba yule shangazi alimwambia avunje daraja," akasema Ngiri.

"Mstari wa nne," akasema Korongo, kwa mara ya tatu, na sauti yake ikaanza kukereka.

"Simama, karani! Gari si langu!"

"Umesema ni lako. Tangu siku ya kwanza."

"Tangu siku ya kwanza!" akasema Kasuku.

"Nyamaza wewe!"

"Nyamaza wewe!" akasema Kasuku.

"Nilitania! Gari ni la Pimbi! Mwanangu, njoo uchukue gari lako."

Pimbi akashuka kwenye bonneti, akarudi hatua tatu. "Silitaki, bwana. Nimechelewa. Wewe mwenyewe umesema."

"Hujachelewa!"

"Jua limezama."

"Jua lipi? Lile la upande ule? Lile halihesabiwi! Chukua, bibie!"

"Mistari elfu moja na themanini, bwana. Mimi nina kimo cha sufuria."

"Mstari wa nne!" akasema Korongo.

"Nakuomba!" akasema Kiboko.

Pimbi akatazama shangazi zake. Akakuna shingo. Akachukua muda wake wote.

"Kama ni kwa kukusaidia tu," akasema, "andika jina langu kwenye kadi. Tarehe ya siku ya kwanza. Na karatasi nyingine uandike kwamba gari nimekabidhiwa na sidaiwi kitu na wewe wala na binamu yako. Nisije nikapata tozo zako na madai yako juu."

"Kalamu! Wino! Nani ana wino?"

Wino alikuwa nao Korongo. Karatasi ya pili Pimbi alikuwa nayo, imeandikwa tangu juzi. Kiboko akatoa kadi chini ya ulimi. Kidole kwenye wino: pwa! Kidole kwenye wino: pwa! Hakusoma. Alikuwa na haraka.

"Sasa msomee yeye," akasema Kiboko, na mwili ukamlegea kwa raha. "Msomee mpaka kesho kutwa."

Korongo akamgeukia mwenye gari. "Mstari wa nne."

"Samahani, karani," akasema Pimbi. "Kuna sheria inayokataza kuanza na upande wa nyuma?"

"Haturuki mistari."

"Sijakuomba uruke. Nimekuomba ugeuze."

Korongo akafikiri, akabadilisha mguu. Katika miaka yake yote darajani hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Sheria ya kuruka ilikuwapo. Ya kugeuza haikuwapo. Akageuza.

"Malipo. Tozo zote, elfu moja na themanini: zimelipwa. Mlipaji, Pimbi. Namna ya malipo, taslimu, siku kwa siku. Faini: hakuna. Deni: hakuna. Mwisho."

"Zimelipwa!" akasema Kasuku.

Shangazi ishirini wakapiga vigelegele mpaka bwawa likatetemeka. Punda alicheka kicheko chake kile, na mnakijua.

Kiboko alikuwa angali na wino kidoleni. "Zimelipwa? Zote?"

"Zote."

"Basi..." Akageuka. "Basi lete fungu langu la kumi na mbili! Liko kibindoni, nilikuona nalo asubuhi!"

"Ni kweli, bwana, ninalo." Pimbi akakipapasa kibindo, akatazama kule jua lilikozamia. "Lakini nitakulipaje? 'Jua likizama, muuzaji hapokei tena malipo ya aina yoyote.' Ukurasa wa kumi na saba. Huko kwenye wino tu."

Kiboko akaligeukia bwawa.

Chubwi!

Bu-bu-bu.

Pimbi akawapakia shangazi zake, akampakia Punda na magunia yake, vrrrr, wakapanda Jabalini. Lile fungu la kumi na mbili wakagawana. Upatu wa mwaka uliofuata ulianzia hapo.

Mngedhani yadi ilifungwa. Haikufungwa. Mwezi ule ule Kiboko akaleta gari jingine, akalivika nailoni. Juu ya lango akatundika bango, limechorwa Pimbi anacheka juu ya bonneti, na chini yake maandishi: MTEJA WETU HUYU HAKULIPA HATA FUNGU LA MWISHO. JE, WEWE? Mkataba nao ulikuwa mpya. Binamu wa mto wa juu alikuwa ameuongeza, ukafika kurasa thelathini na nne, na Kiboko hakuusoma.

"Gari jipya! Gari jipya!"

Siku moja Pimbi akapita na mapapai, akaona foleni imezunguka yadi. Wa kwanza mezani alikuwa Punda, kidole tayari kwenye wino.

Pimbi akapiga honi. Pii! "Mzee Punda! Umeusoma?"

"Nitausoma nyumbani, binti! Hapa kuna watu nyuma yangu, na bwana ana haraka!"

Pwa, pwa, pwa.

Funzo la hadithi hii, watoto, ni kwamba muuzaji wa magari ni mtu mwema. Mmesikia wenyewe jinsi alivyomsamehe mteja wake fungu zima mbele ya mashahidi, akampa na kadi kwa mkono wake. Basi mkifika kwake msimchoshe kwa kusoma. Tieni kidole, lipeni ada ya haraka, na siku ya fungu la mwisho mfike mapema, mkiwa na sauti nzuri ya kuita.

— Hadithi yangu nimeiegesha!
— Umezima?
— Nimezima na ufunguo nimechomoa!
— Na kadi ina jina la nani?
— Lenu. Someni nyuma!